Kwa nini wanamuuliza mama habari za kutembea?
Dada, umeuliza kwa nini mama yako wa miaka 76, aliyelazwa kwa saratani ya matiti, anaulizwa habari za kutembea na kusahau badala ya uvimbe. Hawampotezei muda. Umri peke yake hausemi kama mtu ataistahimili kemotherapia. Wapo wa miaka 80 ambao bado wanalima. Kipimo kinachotumika sana ni G8: maswali 8 kuhusu hamu ya kula, kupungua uzito, kutembea, kumbukumbu, idadi ya dawa na kadhalika. Alama za juu ni 17. Akipata 14 au chini, inafaa achunguzwe kwa kina zaidi kabla ya matibabu kupangwa.

Shida ni kwamba wazee wetu wakiulizwa na daktari hujibu "sijambo, mwanangu" hata kama usiku kucha hawakulala. Kwa hiyo uwepo wewe. Sema kama ameanguka karibuni, kama choo kiko nje, nani anampikia. Peleka dawa zote kwenye mfuko, za presha, za sukari, na mitishamba pia (hiyo ndiyo huwa inafichwa). Na kama hasikii vizuri waambie mapema. Nimeshaona mzee akiandikwa kachanganyikiwa, kumbe hakusikia swali.