Mwanaanga atalazwa, atagandishwa au atazizimishwa?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu safari za mbali angani. Humo umeelezwa mpango wa kuwaweka wanaanga katika hali ambayo mwili unatumia chakula na hewa kidogo mno, kisha kuwarudisha wanapokaribia kufika. Nimeandika "uhai uliosimamishwa". Mwenzangu anasema maneno hayo yanatisha, yeye angeandika "usingizi mzito". Mhariri naye anataka "kugandishwa". Nifuate lipi?

JIBU: Mwenzako ana haki ya kutishika. Tukiambiwa moyo wa mtu umesimama, tunajua kifo kiko mlangoni au kimeshaingia. Sasa uhai wenyewe ukisimamishwa, msomaji atauonaje mlango wa kurudia? Kitenzi hicho pia kimezoea kazi nyingine: mtumishi husimamishwa kazi, mkutano husimamishwa, gari husimamishwa barabarani. Umelifuata neno la kigeni, "suspended animation", unyayo kwa unyayo, ukasahau kuutazama mwili.

Na mwilini uhai hausimami. Unapungua kasi. Moyo hupiga mara chache, pumzi huwa chache, joto hushuka, akiba ndogo ya mafuta hutosha muda mrefu. Dubu hukaa pangoni miezi 5 hadi 7 bila kula, kunywa wala kukojoa, na akitoka misuli yake bado ina nguvu. Hapo ndipo wataalamu wa anga walipopata tamaa. Safari ya kwenda Mirihi, kwenda tu, huchukua kama miezi 6 hadi 9, na mwanaanga aliye macho anahitaji chakula, maji na nafasi ya kujinyoosha, huku mifupa na misuli yake ikidhoofika kila siku. Mwaka 2013 NASA iligharamia uchunguzi wa wazo hili.

"Kugandishwa" nalikataa kwa nguvu zaidi, kwa sababu linasema jambo ambalo halifanyiki. Maji huganda yakawa barafu, na maji ya mwilini yakiganda, barafu huzijeruhi seli. Mbegu za kiume na viinitete hugandishwa na kuyeyushwa vikiwa vizima, lakini hakuna mtu aliyegandishwa mwili mzima akarudi. Yupo chura wa misitu ya Amerika Kaskazini anayeganda kweli na kuyeyuka akiwa hai. Huyo tumwachie kitenzi chake. Ila yupo pia kindi wa ardhini wa Aktiki. Joto la mwili wake hushuka hadi karibu nyuzi 3 chini ya sifuri, na damu yake haigandi! Mwaka 1999 huko Norway, mwanamke mmoja alinaswa chini ya barafu ya mto hadi joto la mwili wake likafika nyuzi 13.7. Alipashwa joto hospitalini, akapona. Naye hakuganda. Wanaanga hawatafikishwa huko hata kidogo: mpango ni kushusha nyuzi chache tu kutoka 37, kama madaktari wanavyowapoza baadhi ya wagonjwa waliofufuliwa baada ya moyo kusimama, hadi kati ya nyuzi 32 na 36, kwa siku moja hivi.

Usingizi basi? Nakiri unavutia, maana hapa lugha yetu ina utajiri. Mtu hulala fofofo, hulala usingizi wa pono. Na pono, samaki yule mwenye mdomo kama wa kasuku, kuna aina zake ambazo usiku hujifunika mwili mzima kwa utando wa ute na kulala ndani yake. Nauheshimu sana msemo huu. Picha yake iko karibu na mwanaanga ndani ya kasha lake kuliko tafsiri nyingi nilizosoma. Lakini kindi yule wa Aktiki anatuharibia hesabu. Kila baada ya wiki mbili tatu hujipasha joto kwa saa kadhaa, na sehemu kubwa ya saa hizo huzitumia kulala usingizi wa kweli, kana kwamba alikuwa anaudai. Kwa hiyo ile hali yake ya baridi haikuwa usingizi. Katika hadithi ya watoto ningeliacha neno lipite. Katika makala ya sayansi, hapana.

Kuna watakaokushauri "nusukaputi", neno ninalolipenda, lenye kaputi ya Kijerumani tumboni. Lakini limeshakuwa la chumba cha upasuaji: mgonjwa huondolewa fahamu kwa saa chache. "Koma" ni ya ugonjwa au jeraha.

Mimi ningechukua kitenzi zizima. Maji huzizima, mwili huzizima kwa baridi, na hata kimya husemwa kimezizima, kwa hiyo ndani yake mna ubaridi na utulivu pamoja. Kinanyumbuka bila shida: zizimisha, zizimishwa, na nomino mzizimo. Pingamizi lipo, tena la haki. Kuna lemuri mdogo, mnyama wa mitini wa Madagascar, anayekaa katika hali hii hadi miezi 7 ndani ya shimo la mti, na mchana mti ukipata joto, mwili wake nao hupanda, wakati mwingine kupita nyuzi 30. Baridi, basi, siyo kiini. Kwa ajili yake niliwahi kufikiria "fifisha", kama taa inavyoshushwa utambi. Lakini rangi ikififia hairudi, na kumbukumbu ikififia ni nadra kurudi. Nimebaki na zizima, kwa sababu ya ule utulivu wake.

Usisahau na upande wa kurudi. "Kuamshwa" kunaturejesha kwenye usingizi. Aliyezirai akipata fahamu tunasema amezinduka. Siku hizi tumezindua vitabu na barabara nyingi hadi "watazinduliwa" itamfanya msomaji atafute utepe wa kukatwa, kwa hiyo tumia kauli ya kutendeka. Sentensi yako ningeiandika hivi: "Wanaanga watazizimishwa, yaani mwili utashushiwa kasi ya kazi zake zote bila kuzikomesha, na watazinduka Mirihi ikiwa imekaribia."