Gesi ya yai viza na mishipa yetu: majibu kwa wasomaji wa Goma

Wiki iliyopita niligusia kwamba mwili wa binadamu hutengeneza haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza. Ujumbe haujakoma kuingia tangu hapo. Haya hapa machache.

Jambo mwalimu. Nasoma biyo-kemia, ninaishi Majengo. Darasani tumeambiwa gesi hiyo ni sumu. Sasa mwili unaitengeneza ya nini?

Jambo mwanangu. Mwalimu wako kasema kweli: ukivuta nyingi, seli zinashindwa kutumia oksijeni na mtu anaanguka palepale. Ya mwilini ni kidogo mno. Vimeng'enya, kikiwemo kimoja kiitwacho CSE kilichomo kwenye kuta za mishipa, huitoa katika sisteini, asidi amino yenye salfa tunayoipata kwenye mayai, maharage, hata sambaza. Mwaka 1996 Abe na Kimura wa Japani walionyesha kwamba inapeleka ujumbe katika ubongo. Mwaka uliofuata kundi la Kimura likaonyesha kwamba inalegeza misuli laini, yaani ile isiyongoja amri yako: ya mishipa ya damu, utumbo, kibofu, mfuko wa uzazi.

Inailegezaje? Msuli hukaza kalsiamu inapoingia ndani ya seli. Gesi hii inafika kwenye mlango mwingine, wa potasiamu, na salfa yake inajishika kwenye protini ya mlango huo, ambao unafunguka. Potasiamu inatoka nje, umeme wa ndani ya seli unazidi kuwa hasi, na milango ya kalsiamu inafungwa. Msuli unalegea, mshipa unapanuka, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu.

Jaribio lake napenda kulieleza. Unakata kipande cha mshipa mkuu wa panya, kama pete ndogo, unakining'iniza kati ya vindoano viwili kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37. Unatia dawa ya kukikaza, mstari wa kipimo unapanda. Ukitia chumvi inayotoa gesi yetu, mstari unashuka. Kisha tia glibenklamaidi, dawa ileile ambayo wagonjwa wengi wa sukari hapa mjini wanaimeza, kwa sababu inafunga mlango huo wa potasiamu: ulegevu unapungua. Hapo ndipo kundi la Rui Wang, huko Kanada, lilipoutambua mlango wenyewe mwaka 2001.

Mwaka 2008 panya walionyimwa kile kimeng'enya cha CSE walipandwa na tansiyo, yaani shinikizo la damu. Lakini usiliandike hilo kwenye mtihani kama sheria isiyopingwa: maabara nyingine iliwatengeneza panya wa aina hiyo, nao tansiyo yao ikabaki ya kawaida. Mimi naona gesi hii ni mmoja wa walegezaji kadhaa, haifanyi kazi peke yake.

Mwalimu, mume wangu ana tansiyo. Jirani anasema atafune kitunguu saumu kila asubuhi na aache vidonge. Ni mama wa Katindo.

Mama, vidonge asiache. Jirani ana kijiukweli mkononi: mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba chembe nyekundu za damu ya binadamu zinaweza kugeuza salfa ya kitunguu saumu kuwa gesi hii, na vipande vya mishipa ya panya vikalegea. Ila hayo yalifanyika kwenye maabara, si kwa baba wa nyumbani kwako. Akipenda ladha yake, kiponde na ukiache kwenye kibao dakika kadhaa kabla ya kukitia kwenye sombe, maana salfa kali ya kitunguu hujitengeneza kinapopondwa, na moto ukiwahi unaizuia. Kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, amwambie kwanza muganga wake wa hospitali kabla ya kukila kwa wingi.

Huku Bulengo tuna mazuku. Ni gesi hiyohiyo? Kuna mtu anasema kuivuta kidogo kunashusha tansiyo.

Hapana, na mtu huyo msimsikilize kabisa! Mazuku yetu ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, haina harufu ya kukuonya. Inatulia kwenye mabonde na mashimo ya lava, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka, na inawaua mbuzi na watoto kwanza kwa sababu vichwa vyao viko karibu na ardhi. Haidrojeni salfaidi nayo haivutwi kwa matibabu. Ikizidi, pua inachoka, mtu haisikii tena, akadhani imeisha.

Gesi ya tumboni baada ya maharage je, nayo inalegeza mishipa?

Bakteria wa utumbo wanatoa haidrojeni salfaidi kweli, lakini ukuta wa utumbo huiharibu karibu yote kabla haijafika kwenye damu. Kula maharage kwa sababu ni chakula.

Swali la wanaume, usitaje jina langu. Gesi hii inasaidia ile kazi?

Sitakutaja, papa. Mwaka 2009 watafiti wa Italia walionyesha kwamba misuli laini ya uume wa binadamu inatengeneza gesi hii na inalegea nayo, na bila kulegea damu haiingii. Lakini dawa inayoitoa gesi hii bado haijafika kwa mwuza dawa. Vidonge vya kazi hiyo vinavyouzwa Birere vinapita njia ya ndugu yake, naitriki oksaidi, gesi iliyowapa wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Vinazuia kimeng'enya kinachokata ujumbe wake, ndiyo maana ulegevu unadumu. Ukimeza kidonge hicho pamoja na dawa za moyo za nitrati, tansiyo inaweza kuporomoka ukafa. Kabla ya kununua, mwonyeshe muganga dawa zote unazotumia, hata zile ambazo mama watoto hazijui.