Maswali ya Wasomaji: Usimwachie Fundi Mikro za Gitaa la Mjomba

SWALI: Mzee wetu, pokea salamu kutoka Katuba. Marehemu mjomba wangu, aliyepiga muziki katika baa za Kamalondo wakati wa ujana wake, ameniachia gitaa la umeme lililoandikwa Teisco kichwani. Lina mikro (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) mbili zenye uso wa rangi ya dhahabu, na swichi zake zinakwaruza kila nikizigusa. Fundi mmoja wa mtaani anasema ni gitaa la watoto, lisilo na thamani yoyote. Yuko tayari kunifungia mikro mpya kwa dola 30, mradi nimwachie zile za zamani, ambazo anaziita takataka. Je, nikubali? Na kama ni takataka, mbona kijana mmoja aliyetoka ng'ambo alitaka kulinunua mara tu alipoliona?
Msomaji, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mwanangu, usikubali, na kama gitaa hilo tayari liko mezani kwa fundi, nenda ukalichukue leo. Mikro hizo anazoziita takataka huenda ndizo zinazotafutwa kuliko kitu kingine chochote katika chombo hicho. Mpiga gitaa wa Marekani, Ry Cooder, alifunga mikro ya Teisco yenye uso wa dhahabu katika gitaa lake la Fender Stratocaster, na wengi waliovutiwa na sauti yake wakaanza kuyasaka magitaa ya Teisco, si ili wayapige, bali ili wayang'oe mikro na kuacha mbao zikizagaa. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu kila gitaa linalochinjwa namna hiyo haliwezi kurudi kuwa zima, na yaliyobaki yakiwa kamili yanazidi kupungua.

Fundi wako hakukosea aliposema kwamba lilikuwa gitaa la bei ya chini. Kampuni ya Teisco ilianza Japani mwaka 1946, na katika miaka ya 1960 iliuza magitaa mengi Marekani, mengine yakiwa na majina ya wauzaji wa huko. Baada ya Beatles kuonekana kwenye televisheni ya Marekani mwezi Februari 1964, kila kijana alitaka gitaa la umeme, lakini si kila mzazi aliweza kununua Stratocaster, ambayo ilipotoka mwaka 1954 iliuzwa dola 249.50. Nafasi hiyo ndiyo iliyojazwa na Wajapani, pamoja na viwanda vya Marekani kwenyewe vilivyotengeneza vyombo vya watu wa kipato kidogo.

Kati ya viwanda hivyo, ninachokistahi zaidi ni Danelectro cha Nathan Daniel, huko New Jersey. Alijenga fremu ya mbao, akaifunika mbele na nyuma kwa ubao mgumu wa nyuzinyuzi zilizoshindiliwa, kisha akaziweka mikro ndani ya vibomba vya chuma vilivyokusudiwa kuwekea rangi ya midomo ya akina mama. Maduka ya Sears yaliyauza magitaa hayo kwa jina la Silvertone, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 uliweza kupata moja kwa chini ya dola 70 pamoja na sanduku lake, ambalo ndani yake mlikuwa na amplifaya. Miaka michache baadaye mpiga gitaa wa Uingereza, Jimmy Page, alipanda na Danelectro kwenye majukwaa makubwa akiwa na kundi lake la Led Zeppelin. Ubahili wa vifaa ulizaa sauti nyepesi, inayong'aa, ambayo gitaa la bei kubwa halikuwa nayo.

Viwanda vyenyewe havikudumu. Teisco ilinunuliwa na Kawai mwaka 1967, Valco, kiwanda kingine cha Marekani, ikaanguka mwaka 1968, Danelectro ikafungwa mwaka 1969, na Harmony ya Chicago ikafuata mwaka 1975. Zaidi ya hayo, kitu kilichonunuliwa kwa bei ndogo hakitunzwi: watoto walikivunja, au kilisahauliwa darini hadi shingo ikapinda. Hata sisi wa Katanga, tunaoliheshimu gitaa kavu tangu siku za Jean-Bosco Mwenda, naona hatukuyapa magitaa ya umeme ya bei ya chini heshima kama hiyo. Ndiyo maana yule kijana alisimama alipoliona la mjomba wako.

Hata hivyo, usitarajie bei ya Fender ya zamani. Wakusanyaji huanza kwa kuuliza kama mikro, vitasa (vile vya kuongezea na kupunguzia sauti), swichi, funguo za nyuzi na rangi ni vya asili, kwa hiyo usilipake rangi upya, na skrubu yoyote itakayotoka ihifadhi kwenye bahasha. Swichi zinazokwaruza mara nyingi zina kutu na vumbi tu. Dawa ya kupulizia ya kusafishia swichi za umeme yaweza kutosha. Chunguza pia shingo kabla ya kufunga nyuzi mpya, maana baadhi ya magitaa ya Kijapani ya wakati ule hayakuwa na chuma cha kuirekebishia. Nyuzi nyembamba zitaivuta kidogo zaidi kuliko nene. Wakati wa mvua, usiliegemeze kwenye ukuta wenye unyevu.

SWALI: Mzee, nimenunua gitaa la Harmony lenye uwazi ndani. Nitajuaje lilitengenezwa mwaka gani?
Msomaji, Kampemba

JIBU: Ndugu yangu, mulika kwa tochi ndani ya tundu la mbele. Mara nyingi Harmony walipiga muhuri wa wino wenye herufi F au S, kwa majira ya mwaka, ikifuatwa na tarakimu mbili za mwaka wenyewe. F-64, kwa mfano, ni majira ya majani kupukutika (Fall kwa Kiingereza) ya mwaka 1964. Ukikuta muhuri umefutika, tazama namba zilizochapwa kwenye vitasa vya sauti. Tatu za kwanza humtaja mtengenezaji wa kitasa: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata hutaja mwaka na wiki, hivyo 137 6412 ni kitasa cha CTS cha wiki ya 12 ya mwaka 1964. Gitaa haliwezi kuwa limekamilika kabla ya kitasa chake cha asili kutengenezwa, ingawa laweza kuwa la miezi kadhaa baadaye. Kagua pia lehemu ya nyaya za kitasa: ikiwa haijawahi kuguswa, hiyo ni dalili kwamba kitasa ni cha asili, basi soma namba bila kuifungua.