Rudi Kitandani: Kwa Daktari Anayeanza Kazi Chumba cha Dharura

Mwezi wangu wa kwanza chumba cha dharura aliletwa kijana aliyeanguka na pikipiki. Alikuwa anaongea vizuri tu. Simu yake iliyopotea ilimuuma kuliko mbavu zake za kushoto. Presha 118 kwa 76. Mapigo ya moyo 112, nikajiambia ni maumivu na hofu, nani moyo wake usingeenda mbio baada ya kurushwa vile? Nikaagiza dawa ya maumivu na eksirei ya kifua, nikaandika kwenye faili "hali nzuri", nikahamia kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa anapiga kelele. Kama dakika 40 hivi baadaye, sista mmoja wa siku nyingi akanigusa bega: "Dokta, yule kijana wako amenyamaza."

Hakusema presha imeshuka. Alisema amenyamaza. Nilipofika kitandani vidole vyake vilikuwa vya baridi, midomo imepauka, anapumua mara 32 kwa dakika, na presha ya juu bado inasoma 104. Tukaweka ultrasaundi ubavuni, na pale kati ya bandama na figo kukawa na mstari mweusi ambao haukupaswa kuwepo. Kwa mtu aliyetoka kwenye ajali, weusi ule uhesabu kuwa ni damu. Alipelekwa kupasuliwa, akapona. Sifa si zangu.

Nimeanza na hicho kisa kwa sababu wengi mnaokuja kwetu mnadhani ugumu wa kazi hii ni kufanya mambo haraka. Haraka utaizoea. Kinachochelewa kuingia ni tabia ya kurudi. Mgonjwa uliyemwona saa mbili usiku siye yule yule saa tatu, hata kama faili ni lile lile na jina ni lile lile.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kijana mwenye moyo mzima anaweza kupoteza zaidi ya lita moja huku presha yake ikiwa bado ya kupendeza, kwa kuwa mishipa inajibana na moyo unakimbia kufidia. Presha inapoanguka, ujue mwili umeshamaliza akiba. Kwa hiyo usiifanye presha shahidi wako wa kwanza. Shika mkono, usikie kama ni wa baridi. Bonyeza ukucha au ngozi kwa sekunde 5, uachie, uangalie rangi inarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde 2 au 3, jiulize kwa nini. Angalia kama anakujibu kama alivyokujibu mwanzo.

Na hesabu pumzi. Hiki ndicho kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote. Utapekua faili kumi mfululizo ukute zote zimeandikwa 18 au 20, na hakuna aliyehesabu. Hesabu mwenyewe, dakika nzima kama unaweza, huku umeshika kifundo cha mkono wake kama unayepima mapigo, maana mtu akijua unamhesabia pumzi anaanza kupumua kwa adabu. Mtu mzima anayepumua mara 28 akiwa amelala kitandani ana jambo, hata kama hajui kulieleza na wewe hujui kulitaja.

Kutojua jina la ugonjwa kutakusumbua sana miezi ya mwanzo. Chuoni tulizoea kuanza na maelezo ya mgonjwa, kisha uchunguzi, kisha vipimo, mwisho jina la ugonjwa. Hapa swali la kwanza ni nini kinaweza kumuua huyu ndani ya saa hii, na unaanza kukitibu hata kabla hakijapata jina. Njia ya hewa. Upumuaji. Mzunguko wa damu. Fahamu. Halafu mvue nguo umkague mwili mzima, na umgeuze uone mgongo. Utaratibu huu unaonekana wa kitoto mpaka siku utakayouruka. Nimeshamwona daktari mzuri, mwenye kichwa kuliko changu, akihangaika na jeraha dogo la kisu kifuani wakati jingine lilikuwa mgongoni chini ya shati. Hali ikibadilika, usiendelee ulipoishia. Anza tena na njia ya hewa.

Sasa nikupe mtego ambao karibu kila mgeni hunasa, na mimi nilinasa. Mzee aliletwa na vijana wawili wakisema amelewa, mbebeni tu alale. Kweli pombe ilikuwa inanuka. Anatukana, anarusha mikono, maneno hayaeleweki. Tulimlaza pembeni. Ilikuwa bahati tu kwamba muuguzi wa zamu alikuwa na mazoea ya kuchoma kidole cha kila mtu asiye na akili zake. Sukari ilisoma 1.4, chini mno. Tukampa glukosi ya mshipani, na kabla sindano haijaisha mzee alinitazama akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, hapa ni wapi?" Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Aliyenuka pombe anaweza kuwa ameumia kichwa, anaweza kuwa na sukari ya chini, anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo. Na anaweza kweli kuwa amelewa, lakini hilo unalifikia mwishoni, baada ya kuyafuta mengine.

Kisa chenyewe hakikuishia hapo. Nilifurahi, nikaanza kuandika karatasi za kumruhusu. Daktari mkubwa akaniuliza mzee anatumia dawa gani. Vidonge vya kisukari, nikajibu. Vipi? Glibenklamaidi. Akazichukua zile karatasi mkononi mwangu bila kusema neno. Vidonge vile huendelea kuisukuma sukari chini kwa saa nyingi baada ya glukosi yetu kwisha kazi, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu. Saa moja na nusu baadaye alikuwa ameanza tena kutoka jasho na kusema ovyo. Angekuwa nyumbani, amelala peke yake, na kila mtu anadhani ni ile pombe.

Utaona namna hiyo hiyo kwenye magonjwa mengine. Mtu wa miaka 60 aliyekuja na "kiungulia", mpige kipimo cha umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu afike. Wanawake, wazee na wenye kisukari, mara nyingi kuliko wengine, hupata shambulio la moyo bila yale maumivu ya kifua ya vitabuni. Kipimo hicho kikiwa safi, hujamaliza. Kirudie, hasa maumivu yakirudi au yakibadilika, na troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, nayo hupimwa tena baada ya saa kadhaa kwa sababu inachukua muda kupanda. Mtu mwenye mzio mkali mchome adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, usisubiri kuona kama vidonge vya mzio vitasaidia. Vidonge hivyo hupunguza muwasho, havifungui koo lililovimba. Wageni huiogopa sana adrenalini. Ogopa zaidi kuichelewesha. Baada ya dakika 5 mtazame, na kama hajapata nafuu rudia. Akishakuwa sawa usimkimbize nyumbani, maana wapo ambao hali inawarudia saa chache baadaye bila kugusa tena kile kilichowadhuru.

Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo au aliyezimia, pima mimba. Hata akikuapia. Sina la kuongeza.

Watoto wanahitaji ukurasa wao, nami nitasema moja tu. Mtoto anayelia, anayekupiga teke unapotaka kumsikiliza kifua, huyo ananipa amani. Anayenitisha ni yule anayekuacha umtoboe sindano huku amekutazama tu. Mama akikwambia "mwanangu huwa hayuko hivi", andika maneno yake kama alivyoyasema, na uyape uzito sawa na kipimo. Yeye amemtazama mtoto huyo kila siku tangu azaliwe. Wewe una dakika nne naye.

Hilo linanirudisha kwa yule sista. Wauguzi ndio wanaobaki kitandani wewe unapozunguka. Wakikwambia "dokta, njoo umwone", usiulize presha ngapi ukiwa umekaa. Nyanyuka. Mara nyingine utakuta hakuna kitu, na utakuwa umepoteza dakika mbili. Lakini ukimjibu vibaya mara moja tu, siku nyingine atasita kukuita, na hutajua kamwe ni mgonjwa gani alilipia kusita kwake. Wasalimie kwa majina mwanzo wa zamu. Waulize kifaa cha kuvuta makohozi kiko wapi na kama kinafanya kazi, kabla hujakihitaji.

Majina yana kazi nyingine pia. Moyo wa mtu ukisimama, chumba kinajaa watu na kelele, na mgeni husema, "Jamani mtu aweke dripu!" Hakuna "mtu" kwenye chumba kile. Kila mmoja anadhani mwenzake ameshika. Taja jina, toa agizo moja, na yule uliyemtaja arudie alichosikia, kisha aseme amemaliza. Anayekandamiza kifua abadilishwe kila dakika 2 hata kama anasema hajachoka, kwa sababu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kinamaliza nguvu kabla mtu mwenyewe hajajigundua. Na kama wewe ndiye unayeongoza, simama miguuni pa kitanda na usiguse kitu. Mikono itakuwasha. Ukishaanza kutafuta mshipa, hakuna tena anayeona chumba kizima.

Kuna siku mtafanya yote hayo na mtu atakufa. Kwenda kuwaambia ndugu si kazi ya kumtuma mwingine. Kaa chini, usiongee umesimama mlangoni. Jua jina la marehemu kabla hujaingia, na ujue unayeongea naye ni nani wake. Halafu tumia neno lenyewe. Zamani nilimwambia mama mmoja, kwa kudhani namhurumia, "Mama, pole sana, hatunaye tena." Akasimama akachukua mkoba wake: "Mmempeleka hospitali gani?" Ilinibidi nimwambie mara ya pili, na ile mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu alikuwa ameshaanza kutembea. Sema amefariki. Kisha nyamaza, ukae, hata kama kuna foleni nje. Ukitoka hapo kunywa maji kwanza kabla ya kumwita mwingine. La sivyo utamwonea bure mtu aliyekuja na kifundo cha mguu kilichoteguka.

Kula na kulala sitakuhubiria, utajifunza kwa kichwa kuuma. Nitasema tu kwamba saa kumi alfajiri akili haifanyi hesabu. Kipimo chochote cha dawa ya mtoto wakati huo, mwombe mwenzako ahesabu pia, kila mtu kwenye karatasi yake, mlinganishe.

Usimruhusu mtu kwenda nyumbani na "ukizidiwa rudi". Kuzidiwa ni nini? Mwambie dalili zenyewe: ukitapika mara kwa mara, ukishindwa kuamshwa, maumivu ya tumbo yakihamia kulia chini, rudi hata usiku wa manane. Amwambie pia yule atakayelala naye nyumba moja. Na akirudi, usikunje uso. Mgonjwa aliyerudi mara ya pili na tatizo lile lile mhesabu ni wa hatari mpaka uthibitishe vinginevyo. Daktari aliyemwona mara ya kwanza huenda alikosea, na huenda daktari huyo ni wewe.

Kilichobaki ni kukabidhi zamu. Hapa ndipo wagonjwa hupotea wakiwa wamelala mbele ya macho ya watu. Umechoka, anayeingia bado ana usingizi, na kuna sentensi itakutoka mdomoni kwa urahisi: "Huyu wa kitanda cha sita hana shida, anasubiri majibu tu." Aliyesema mgonjwa anasubiri majibu tu mara nyingi hajamwona kwa saa tatu. Msikabidhiane mezani kwa karatasi. Tembeeni pamoja kitanda kwa kitanda, useme mbele ya mgonjwa unahofia nini juu yake na nani atafuatilia majibu. Ukifika kwa yule wa kitanda cha sita, mshike mkono, mhesabie pumzi, umuulize anajisikiaje. Koti utavaa baadaye.