Dishi linashikia kutu wapi? Kwa vijana wanaoanza ufundi wa kufunga madishi ya setilaiti Nairobi

Mteja wako wa kwanza hatakuuliza idadi ya chaneli. Atapanda nawe hadi juu ya ghorofa, aligonge dishi kwa ukucha, kisha aulize, "Fundi, hii si itashika kutu?" Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na jibu moja tu: "Hapana mama, hii ni alumini." Muuzaji wa Luthuli Avenue ndiye aliyeniambia hivyo, na mimi nikawa kasuku wake. Mara nyingi haikuwa alumini.

Kwa hiyo kabla ya kununua spana za kupendeza, tafuta sumaku. Hata ile ya spika iliyoungua inatosha. Madishi mengi ya nyumbani, yale ya sentimita 60 hadi 90, ni bati la chuma lililokandamizwa kwa mashine likapata umbo, likapakwa zinki, kisha rangi ya unga inayookwa. Sumaku itanasa pap. Likiwa la alumini, sumaku itateleza na kuanguka. Kuna pia la faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Ndani yake hufichwa wavu au tabaka jembamba la metali, kwa sababu faibaglasi yenyewe haiwezi kurudisha mawimbi. Ukiligonga linatoa sauti ya mlango wa mbao, si ya sufuria. Yale makubwa ya matundu, ya mita 1.8 au 2.4, mara nyingi ni wavu wa alumini. Usiogope matundu yake: wimbi la bendi ya C, lile ambalo madishi haya makubwa hulipokea, lina urefu wa sentimita 7 hadi 8, na kwa wimbi kama hilo tundu la milimita chache ni sawa na ukuta.

Chuma hushika kutu, alumini haishiki. Hilo kila mtu analijua, ila jua pia sababu yake, maana ndiyo itakayokuongoza pa kuangalia. Vyote viwili huungana na oksijeni. Gamba la alumini ni jembamba na gumu, limeng'ang'ania pale pale na kuziba njia. Kutu ya chuma hubanduka vipande vipande, na kila kinachobanduka kinafungua chuma kipya kiliwe. Zinki iliyopakwa juu hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Mkwaruzo mdogo zinki ya kando itaulinda. Lakini ukitoboa tundu lako mwenyewe kwa drili, au ukikata mkono wa dishi kwa msumeno, umeacha kidonda wazi. Usishuke kwenye paa kabla hujakipaka rangi ya zinki.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho vitabu vya Ulaya havitakwambia. Setilaiti inayotazamwa na madishi mengi ya hapa imekaa nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka chini. Nairobi nayo iko karibu nyuzi 36.8 mashariki na nyuzi 1.3 tu kusini ya ikweta. Maana yake setilaiti iko utosini petu, mwinuko wa nyuzi 88 hivi. Fundi wa London hulisimamisha dishi kama kioo cha kujitazamia. Sisi tunalilaza kama ungo ulioanikwa njugu. Simama juu ya ghorofa lolote la Pipeline au Umoja utazame chini: utaona mamia ya sinia zikiomba mvua.

Na mvua inakuja. Dishi la nyumbani LNB yake, yaani kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, haikai katikati bali upande wa chini, na umbo hilo linafanya ukingo wa chini ulale karibu sawa na ardhi mara dishi linapotazama juu kabisa. Maji ya dishi zima yanateremkia hapo. Ukingo umekunjwa ili bati liwe na nguvu, na ndani ya mkunjo huo maji yanapata kitanda. Ongeza vumbi la Embakasi, ongeza masizi ya Industrial Area, ongeza majani mawili matatu na kinyesi cha njiwa. Unapata tope ambalo siku mbili baada ya mvua bado ni bichi. Nikiitwa kuangalia dishi la chuma la miaka kadhaa, napitisha kidole ndani ya mkunjo wa chini, upande wa nyuma, kabla sijafungua mkoba. Kidole kikitoka na unga mwekundu, nimeshajua hali yake. Wengine hutoboa tundu hapo maji yatoke. Tundu dogo haliharibu picha, ila limekata zinki mahali pabaya kuliko pote, kwa hiyo mimi sitoboi. Napanguza kwa kitambaa kila ninapopanda, na namfundisha mteja afanye hivyo kabla ya mvua ya Machi na ile ya Oktoba.

Je, kutu usoni mwa dishi inaharibu picha? Hapa ndipo vijana wengi huuza madishi yasiyohitajika. Mawimbi ya madishi ya nyumbani, ya bendi ya Ku, yana urefu wa sentimita 2.5 hivi. Kutu nyembamba kama karatasi hayaioni. Kinachoyasumbua ni umbo: bati likibonyea milimita chache, mawimbi hayakutani tena mbele ya LNB. Nimeona dishi jekundu kama udongo wa Ukambani linaonyesha mpira bila kukwama, na jirani yake jipya linalometameta lina shida kwa sababu mtu alifunga kamba ya nguo kwenye ukingo wake. Kutu ikifika kutoboa au kulainisha bati, hapo sawa, badilisha.

Kutu inakoliua dishi kabisa ni kwenye viungo. Dishi la sentimita 90 lina jicho la nyuzi 2 tu, yaani huona upana huo tu wa anga. Likisogea nyuzi 1, umepoteza nusu ya nguvu ya mawimbi, na mvua ya kwanza itamalizia kilichobaki. Kinacholizuia lisisogee ni bolti nne au tano nyuma yake, zile zinazokuja kwenye kifuko cha plastiki, zimepakwa zinki nyembamba kama manukato. Nazitupa. Kanunue bolti zilizochovywa kwenye zinki ya moto, au za chuma kisichoshika kutu, na uzipake grisi kwenye nyuzi zake. Miaka mitano baadaye ukirudi kurekebisha, nati itafunguka badala ya kukatika mkononi. Brakiti za kuchomelewa kutoka Kamukunji ni imara na nazipenda, lakini moto wa kuchomelea huunguza zinki yote pale kwenye kiungo. Piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo uondoke nayo.

Kuhusu rangi neno moja. Mteja akitaka dishi lipakwe upya, tumia rangi isiyong'aa. Siku chache karibu na 21 Machi na 23 Septemba, jua la mchana hupita nyuma ya setilaiti, na dishi lililopakwa fedha ya kung'aa litakusanya joto lote kwenye LNB. Kifuniko chake cha plastiki hakikuumbwa kwa kuchomwa.

Na wewe unayefanya kazi Likoni au Malindi, chumvi ya bahari haingoji. Huko nenda alumini au faibaglasi moja kwa moja, ila kumbuka bolti bado ni za chuma.

Kosa langu lililonigharimu lilikuwa Umoja. Baba mmoja alilalamika kwamba nusu ya chaneli zinapotea mvua ikinyesha. Nikapanda, nikaona kutu kwenye ukingo, nikamwambia, "Mzee, dishi limekwisha." Nikamuuzia jipya. Aprili akapiga simu: yale yale. Nilipofungua konekta ya LNB nikakuta ncha ya waya wa kati imekuwa kahawia. Kebo nyingi za bei nafuu waya wake wa kati si shaba tupu, ni chuma kilichovishwa shaba, sumaku ingenionyesha. Maji yalikuwa yameteremka na kebo yakaingia kwenye konekta, kwa sababu sikuacha kitanzi cha kudondoshea, yaani kebo ining'inie chini kidogo kabla ya konekta ili maji yadondoke, wala sikufunga mkanda wa mpira. Dikoda hutuma volti 13 kwenye LNB kwa chaneli ambazo mawimbi yake hutetema upande mmoja, na 18 kwa zile za upande mwingine. Kutu ile ilikuwa inaila ile 18 njiani, ndiyo maana nusu ya chaneli zilipotea.

Nilimrudishia pesa za dishi kwa awamu tatu. La zamani hakunirudishia. Alikuwa ameshaliweka uani anyweshee kuku, na kila nikipita namwona jogoo amesimama ukingoni, akinywa.