Rejesho Lisilojua Mbalamwezi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, misaada ya mashirika na mikopo midogo imewainua wanawake, au imewaongezea mzigo? Ninaandika kwa sababu ninaishi ndani ya swali hilo. Mimi ni mchemshaji na mkaushaji wa dagaa katika ufukwe wa Sahare, jijini Tanga, na kwa miaka saba nimekuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanawake 27. Jibu langu ni kwamba mkopo humwinua mwanamke pale marejesho yanapofuata mwendo wa kazi yake, na humzamisha pale kazi yake inapolazimishwa kufuata mwendo wa marejesho. Kiasi cha pesa, ambacho ndicho huzungumzwa zaidi majukwaani, nimekiona kuwa jambo la pili.

Naomba kwanza nieleze kazi yenyewe. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwakusanya vizuri pale usiku unapokuwa na giza. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga hutapakaa baharini, dagaa hawakusanyiki, na vyombo vingi hupumzika kwa siku saba hadi kumi. Siku za giza tunakuwa ufukweni tangu alfajiri. Vyombo vikitia nanga tunanunua kwa ndoo, tunachemsha katika maji ya chumvi kwa dakika chache tu, kwa kuwa dagaa waliozidi moto hukatika vichwa na mnunuzi hushusha bei, kisha tunawatandaza kwenye chanja za nyavu. Jua likiwa kali, mzigo hukauka siku hiyo hiyo au ya pili yake. Masika yakishika, mzigo wa siku tatu unaweza kuharibika huku unautazama. Kwa hiyo pesa yetu huja kwa mafungu: takriban wiki tatu za kazi, wiki moja au zaidi ya kukaa, na miezi ya Aprili na Mei ambayo kila mwenye busara hupunguza manunuzi.

Mwaka 2017, kabla sijaingia katika kikundi chochote, nilikopa shilingi 300,000 kwa mkopeshaji mmoja wa mikopo ya haraka. Nilikatwa 15,000 ya fomu, nikaondoka na 285,000, na nikatakiwa kurejesha 12,500 kila siku kwa siku 30, yaani 375,000. Ukipiga hesabu, nililipia karibu theluthi moja ya pesa niliyoipokea, tena kwa mwezi mmoja tu. Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba pesa yenyewe haikukaa mkononi, kwani nilianza kuirudisha siku ya pili, kabla dagaa niliowanunua hawajakauka. Nililipa siku 12 bila kukosa. Kisha mbalamwezi ikaingia. Nilikopa kwa mtu mwingine nikalipa siku nne, na siku ya 17 walikuja nyumbani wakachukua godoro na sufuria kubwa ya kuchemshia. Godoro niliweza kuvumilia, maana watoto walilala kwenye mkeka. Lakini sufuria ndiyo iliyokuwa ikilipa deni lao. Giza liliporudi siku chache baadaye, vyombo vilifika vimejaa, nami nikakaa kwenye kisiki nikiwaangalia wenzangu wakichemsha.

Mikopo ya namna hii huitwa kausha damu, na jina hilo halikutiwa chumvi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni na awe chini ya uangalizi, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo mwanamke aliyebanwa na ada ya shule saa mbili usiku haulizi leseni. Anauliza nani ana pesa sasa hivi. Ndiyo maana naamini kinga ya kweli ni kuwa na mahali pengine pa kukopa, palipo karibu na panapomfahamu.

Kwangu mahali hapo palikuwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Kikundi chetu hukutana Jumamosi alasiri. Funguo zinashikwa na wanawake watatu ambao si viongozi, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Kabla halijafunguliwa, mweka hazina huuliza, "Tulifunga na shilingi ngapi?" na wanachama wote hujibu kwa pamoja, kwa kichwa, pamoja na wale wasiojua kusoma. Pesa iliyohesabiwa ikipishana na kauli ya wanachama, kikao kinasimama. Hisa moja ni shilingi 2,000, mtu hanunui zaidi ya tano kwa kikao, na kila hisa hugongwa muhuri katika kitabu cha mwenyewe. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Mwisho wa mwaka tunavunja kikoba na kila mmoja anachukua chake pamoja na faida.

Mwaka wa kwanza tulibishana sana juu ya siku za kurejesha. Mwalimu aliyetufundisha alisema marejesho yawe kila mwezi. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akamuuliza, "Mwezi huo, mwanangu, ni wa kwenye kalenda au ni huu wa juu?" Mwalimu alidhani anatania. Hakuwa anatania, na mjadala uliofuata ulichukua vikao viwili. Tuliamua kwamba rejesho hutolewa katika wiki ya pili ya giza, wakati kila mkaushaji ameshauza angalau mzigo mmoja, na kwamba Aprili na Mei hakuna rejesho, ila mkopo mpya pia hautolewi. Tangu wakati huo tumekuwa na wacheleweshaji, tumekuwa na waliofiwa na tukawasubiri, lakini hatujawahi kuchukua sufuria ya mtu.

Jambo la pili lililotugawa lilikuwa riba. Tulianza na asilimia 5 kwa mwezi, tukijipa moyo kwamba inarudi kwetu wenyewe tunapovunja kikoba. Baadhi ya wenzetu walisema waziwazi kwamba imani yao haiwaruhusu kula riba hata ikitoka mifukoni mwao, na wawili kati yao wakajiandaa kujitoa. Sikupenda kuwapoteza, kwa kuwa walikuwa miongoni mwa waaminifu wetu. Tukafuta riba. Badala yake kikundi kinanunua chumvi na kuni kwa jumla, kinawauzia wanachama kwa bei ya ufukweni, na faida inaingia sandukuni. Mapato yanapungua kidogo kuliko zamani, nami kama katibu naiona tofauti hiyo kwenye vitabu, lakini hakuna aliyeondoka.

Mfumo huu wa sanduku na hisa haukubuniwa Tanga. Shirika la misaada la CARE lilianza kuufundisha kwa wanawake wa vijijini katika eneo la Maradi nchini Niger mwaka 1991, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umefika Unguja, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani. Ninachokithamini katika msaada huo ni kwamba mfadhili haweki pesa yake sandukuni. Analeta mwalimu, vitabu na kufuli, anakaa nanyi mpaka mzoee, kisha anaondoka. Pesa ya mgeni, niliyoiona katika vikundi vya jirani, hukopwa kwa pupa na kurejeshwa kwa uvivu, kwa sababu hakuna anayehisi kwamba ametoka jasho kwa ajili yake. Pesa ya shoga yako unayekutana naye kisimani huikimbii.

Wasomaji wengi wanapotaja mikopo midogo humkumbuka Muhammad Yunus wa Bangladesh, na ni haki yake. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, alitoa kama dola 27 kutoka mfukoni mwake kwa watu 42, wakiwemo wanawake waliosuka vigoda vya mianzi. Wanawake hao walikuwa wakipewa mianzi kwa mkopo na mchuuzi ambaye ndiye pia aliyevinunua vigoda, kwa bei aliyoipanga mwenyewe, kiasi kwamba waliambulia senti chache kwa siku. Deni la mchuuzi lilipolipwa, msukaji aliweza kumuuzia amtakaye. Hapa kwetu yupo mnunuzi anayekupa chumvi na pesa ya ndoo mapema ili dagaa wote wawe wake kwa bei yake, kwa hiyo kisa cha Jobra nakielewa bila kufafanuliwa. Mradi wake wa mikopo, Grameen, ukawa benki rasmi mwaka 1983, na mwaka 2006 Yunus na benki hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini msukaji wa vigoda anauza kila siku. Kwake rejesho la kila wiki, lililokuwa kanuni ya Grameen, lina mantiki. Kwa maoni yangu kosa lilikuja pale kanuni ya rejesho la kila wiki ilipobebwa kama ilivyo na kupelekwa kwa wakulima, wafugaji na wakaushaji wa dagaa wa dunia nzima. Huko Kolkata, India, watafiti waliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza, badala ya wiki mbili za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kwamba waliopewa nafasi hiyo waliwekeza zaidi na, miaka michache baadaye, walikuwa wakipata faida kubwa zaidi. Ni haki niseme pia kwamba walioshindwa kulipa waliongezeka katika kundi hilo. Mwenye muda anathubutu, na anayethubutu anaweza kuanguka. Ndiyo sababu sisi tunatoa nafasi hiyo kwa mtu ambaye tayari ana akiba sandukuni na ambaye tumemwona akifanya kazi.

Tafiti nyingine sita, za Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, zilikuta kwamba mikopo midogo iliwapa watu uhuru kidogo wa kuchagua kazi na kupanga matumizi, lakini haikuinua kipato cha kaya kwa wastani kwa kiwango kilichokuwa kikitangazwa. Habari hiyo haikunishangaza wala kunikatisha tamaa. Kwa mwanamke mwenye biashara inayotembea na muda wa kuizungusha, mkopo ni mtaji. Kwa asiye na kitu ni chakula cha wiki mbili na aibu ya mwaka mzima.

Juu ya mikopo ya halmashauri nitasema machache. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi wa serikali kuonesha mikopo isiyorejeshwa na hata vikundi hewa, ukarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Naona ni sera nzuri kuliko nyingi nilizozisikia. Ombi langu ni kwamba kikundi kinachoomba kiulizwe kwanza kimekuwa kikiweka akiba kwa muda gani, kwa sababu kikundi kilichoundwa wiki ya kujaza fomu huvunjika wiki ya kupokea pesa.

Sasa niwazungumzie wale ambao mkopo wowote, hata wetu, hauwafai. Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza mwaka 2002 kuwapa wanawake maskini kabisa mali ya kuanzia, kama ng'ombe au mbuzi, badala ya kuwakopesha, pamoja na posho ya chakula kwa muda, mafunzo, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara kwa takriban miaka miwili. Njia hiyo ilipojaribiwa katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Ghana, matokeo ya mwaka 2015 yalionesha kwamba kaya hizo zilikula vizuri zaidi na kumiliki zaidi, hata mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. Kwetu nchini, TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, umekuwa ukipeleka ruzuku kwa kaya maskini, na wapokeaji wengi ni akina mama. Wapo wanaosema ruzuku huzaa uvivu. Ningependa waje ufukweni kwetu wamwone jirani yangu mmoja.

Ni mama anayemlea peke yake mtoto asiyeweza kutembea. Kwa miaka miwili alikuwa akituzolea kuni, na kila tulipomkaribisha kikundini alisema hana cha kununulia hisa. Tungemkopesha, pesa ingeishia dukani kwa unga na duka la dawa, naye angeanza kutukwepa njiani. Kikao kikaamua kutumia mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama huuchangia shilingi 500 kila Jumamosi. Tulimnunulia sufuria, ndoo mbili za dagaa za kuanzia na unga wa mwezi mmoja, na katika kitabu niliandika kwa mkono wangu neno "zawadi" ili asije mtu akamdai. Mtoto huletwa ufukweni kwa toroli, akawekwa kivulini karibu na chanja, na mwenyewe amejipa kazi ya kufukuza kunguru kwa fimbo.

Baada ya giza la nne mama yake alikuja kikaoni na shilingi 2,000, akanunua hisa moja. Jumamosi iliyopita alinunua tatu na kuomba mkopo wake wa kwanza, shilingi 60,000 za chumvi na chanja ya pili. Tumempangia kuanza kurejesha katika giza la pili.

Msomaji wenu,
Sahare, Tanga