Maswali ya Wasomaji: RTX 4050 mbili, bei mbili

SWALI: Assalamu alaykum. Naanza masomo ya kompyuta chuo kikuu, Tunguu, na kwetu ni Wete. Baba amenitengea milioni mbili na nusu ya laptopu. Nataka ya kusomea mchana, na usiku nicheze EA Sports FC na GTA V. Darajani nimeoneshwa mashine mbili mpya, zote zina stika ya RTX 4050, lakini moja imeipita mwenzake laki tatu na nusu. Muuzaji anasema tofauti ni umbo tu. Nichukue ile rahisi? — Mwanafunzi, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Usitoe hata shilingi mpaka ujue wati. RTX 4050 ni jina la kadi ya picha, lakini anayeamua kadi hiyo ile umeme kiasi gani ni kiwanda kilichounda laptopu, na kwa 4050 kiasi hicho ni kuanzia wati 35 hadi 115. Ya wati 45 na ya wati 95 zina stika moja na kumbukumbu ile ile ya GB 6, ila ukizifungulia gemu moja utadhani zimepishana miaka. Hata 4060, ambayo ni kubwa kwa jina, ikibanwa kwenye wati 45 huweza kuachwa na 4050 iliyoshiba. Kwa hivyo laki tatu na nusu huenda ikawa ni bei ya umbo, na huenda ikawa ni bei ya nusu ya nguvu.

Kujua ni kazi ya dakika mbili. Mashine iwashwe ikiwa kwenye chaja, fungua NVIDIA Control Panel, bonyeza System Information, tafuta mstari ulioandikwa Maximum Graphics Power. Chini ya 60, iache. Kuanzia 75 kwenda juu, kwa gemu ulizozitaja na skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080, utacheza bila kero. Muuzaji akikataa kuiwasha, geuza chaja usome: yenye wati 120 haiwezi kuilisha kwa raha kadi ya wati 95 pamoja na prosesa (ubongo wa mashine) na skrini. Ama kadi itapunguzwa, ama betri itachotwa huku umechomeka.

Sasa uzito, na hapa wengi hujidanganya kwa sababu hupima mashine bila chaja. Laptopu ya gemu ya inchi 15.6 huwa kilo 2.1 hadi 2.5, na chaja yake kubwa huongeza gramu 600 hadi 800. Hizo ni kilo tatu mapajani mwako ndani ya daladala, asubuhi na jioni. Zipo za inchi 14 zenye kilo 1.6 hivi, kama ROG Zephyrus G14, ila mpya haziingii kwenye fedha yako, na RAM yake (kumbukumbu ya kazi ya mashine) au sehemu yake imegandishwa kwenye ubao, hivyo uliyonunua ndiyo hiyo. Kwako tungechukua ya inchi 15.6 inayokubali kuchajiwa kwa USB-C. Chaja kubwa ikae dahalia kwa ajili ya gemu, na wewe ubebe ndogo ya wati 65 au 100. Usiamini tundu kwa sura yake, maana mengine ya USB-C hupitisha data tu. Nenda na chaja ya wati 65 dukani, chomeka, tazama alama ya betri.

Betri nayo ni hesabu tu. Yenye Wh 60 (wati-saa, yaani wati 60 kwa saa moja), ukiandika na kusoma kwa wati 10, itakaa kama saa sita. Ukifungua gemu kwa wati 80, haifiki hata saa moja, tena gemu lenyewe litakuwa zito kwa sababu kadi hupunguzwa mashine ikitoka kwenye umeme. Gemu ni la ukutani.

RAM iwe GB 16, na ikiwezekana vipande viwili vya 8, maana kipande kimoja huipunguza kasi prosesa. SSD, yaani diski ya kuhifadhia, ya GB 512 itajaa haraka kwani GTA V peke yake hudai zaidi ya 100. Uliza kama kuna nafasi ya pili ya M.2, tundu la kuchomekea SSD nyingine. Skrini: mwangaza wa niti 300 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), usishuke hapo, la sivyo kibarazani hutaona kitu.

Ukishawishiwa mtumba wa Dubai, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Ripoti itaonesha uwezo betri iliyozaliwa nao na ilionao leo. Ikiwa imeshuka chini ya asilimia 70, dai upunguziwe bei ya mashine kwa kiasi cha betri mpya. Ingia pia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine kabla ya Windows kuwaka, mbele ya muuzaji. Ikidai nenosiri asilolijua, mrudishie mashine yake.

SWALI: Laptopu yangu inacheza vizuri dakika ishirini, kisha gemu linaanza kukatakata na feni linapiga kelele. Nimeambiwa ni virusi. — Msomaji, Jang'ombe

JIBU: Ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na wakati wa kaskazi hewa inayoingia kwenye feni tayari ni nyuzi 32. Kwetu kuna na la ziada: vumbi hukutana na unyevu wa chumvi, likaganda kama ngozi kwenye mapezi ya kupozea. Kupuliza kwa nje hakulitoi. Fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri kwanza, zuia feni lisizunguke kwa kijiti, kisha piga brashi laini na upulize kutoka ndani kwenda nje. Kila miezi minne kwa aliye karibu na pwani. Kama imepita miaka miwili, badilisha pia ute wa kupitisha joto ulio juu ya prosesa.

Leo hii, kabla ya fundi: inyanyue nyuma sentimita mbili au tatu, iondoe godoroni, na ndani ya gemu weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Hicho kikomo peke yake mara nyingi hushusha joto kuliko meza ya feni inayouzwa barabarani.

SWALI: Nimeletewa laptopu kutoka Marekani. Je, umeme wetu utaiunguza? — Mzazi, Chake Chake

JIBU: Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikisema INPUT 100–240V, 50/60Hz, hakuna haja ya transfoma. Nunua waya mpya tu wenye plagi ya pini tatu za mraba na fyuzi ya ampea 3 au 5. Chaja ya wati 240 huvuta kama ampea 1 tu kwenye volti 230, kwa hiyo fyuzi ya 13 haimlindi mtu. Viadapta vya bei ya chee vya kugeuza pini huachia, hutoa cheche na huyeyuka. Umeme ukikatika, chomoa, na ukirudi subiri dakika tano ndipo uchomeke, au pitisha kwenye gadi kama ile ya friji.